Mkuu Aliyefuta Kusomwa

Shule ile ya sekondari ilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha, na kila mtu aliizungumzia kana kwamba ilijengwa pamoja na madarasa. Iliitwa kusomwa. Asubuhi, wanafunzi wakishajipanga uwanjani kidato kwa kidato, makamu wa mkuu wa shule alisimama kwenye ngazi za ofisi, akakunjua karatasi na kusoma majina. Fulani wa kidato cha pili, alichelewa. Fulani wa kidato cha tatu, alikutwa nyuma ya choo wakati wa somo. Aliyesomwa alitoka mbele, akageuka kuwatazama wenzake na kubaki pale mpaka gwaride liishe, na wenzake walikuwa na ruhusa ya kucheka. Ruhusa hiyo waliitumia vizuri sana. Wapo watu wazima na vitambi vyao ambao mpaka leo wakikutana sokoni huulizana, "Wewe si ndiye uliyesomwa kwa kula chaki?"

Mkuu mpya alipofika mwanzoni mwa mwaka alikuwa amefundisha jiografia muda mrefu, na hakuwahi kuongoza kitu kikubwa kuliko idara ya walimu wanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye hatua za haraka na sauti ya chini. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea suti ya bluu kwa ajili ya siku ya kwanza, akamwonya kwamba mifuko ni ya urembo tu, asitie kitu. Kufika saa nne mfuko wa kushoto ulikuwa umeshachanika kwa uzito wa funguo.

Alichokikuta kilimkaa rohoni. Wanafunzi walipita kwenye korido wakiwa wamebana ukuta, wakinyamaza ghafla kila walipomwona mtu mzima. Walimu walikula chakula cha mchana kwenye chumba kimoja, kila mmoja amegeukia dirisha lake. Ukimuuliza mtu jambo, kwanza anatazama mlangoni, ndipo anajibu. Haikuwa shule mbaya kwa matokeo ya mitihani, ila ilikuwa shule ya watu waliojikunyata.

Nyuma ya mgongo wake, makamu aliitwa Rula. Mbele yake walimwita Mwalimu. Zamani, kwenye shule nyingine, alimfundisha huyu mkuu hesabu, na mkuu bado alimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumpa kazi za siku. Walimu vijana walikuwa wakiinamia vikombe vyao kuficha kicheko. Rula mwenyewe hakuona cha kuchekesha: aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea haki yake, kisha akaenda kufanya alichoagizwa, kwa namna yake.

Mkuu alivumilia wiki moja ya kusomwa. Wiki ya pili alimfuata Rula ofisini kwake.

"Mwalimu, kesho usisome majina."

"Nisome kesho kutwa?"

"Usisome tena."

Rula alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Binti yangu, watoto hawa ukiacha kuwasoma watapanda juu ya paa."

"Wakipanda tutawashusha."

"Mimi na magoti haya?" alisema Rula, lakini karatasi aliikunja.

Badala ya kusomwa, mkuu akaleta Ijumaa ya shukrani. Kila Ijumaa, yeyote aliyemwona mwenzake akitenda jema alikuwa huru kupanda ngazi na kulisema, na shule nzima ikapiga makofi. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Mvulana mmoja alishukuriwa kwa kumwaga maji chooni baada ya kujisaidia, na makofi aliyopigiwa hayakuwa ya heshima. Walimu walisimama na mikono nyuma kama wako msibani. Mkuu hakukata tamaa. Alihamishia chai yake kwenye chumba cha walimu, akawa anakaa katikati ya meza na kumuuliza kila mmoja habari za nyumbani mpaka wakaona heri wageuze viti kuliko kuumiza shingo. Kufika mwezi wa pili korido zilikuwa na kelele, kelele nzuri, na siku moja alimkuta Rula akimcheka mwalimu wa kemia hadi machozi. Alifunga mlango taratibu asimshtue.

Ndipo vitu vikaanza kupotea. Au niseme vizuri: vitu vikaanza kupatikana. Kila Ijumaa kulikuwa na mtoto mwaminifu aliyeokota kalamu, mwingine kikokotoo, mwingine kiatu cha mtoto wa kidato cha kwanza. Watoto waaminifu walijipanga kwenye ngazi kusubiri zamu. Mkuu alivimba kichwa kidogo. Alimwambia mumewe kwamba uaminifu umerudi shuleni kwa kasi ambayo hata yeye hakuitarajia, na mumewe, akiwa na pini mdomoni, alisema tu "Mmh," kwa jinsi mafundi cherehani wanavyoweza kulisema.

Halafu ikapotea hadubini.

Shule ilikuwa na hadubini moja ya maana, na mwenye nayo, kwa mtazamo wake mwenyewe, alikuwa mtunza maabara, mzee ambaye wanafunzi walimwita Babu Vioo. Alikuwa mkali kwa wote bila ubaguzi: mwanafunzi akigusa kioo alifokewa, mwalimu akigusa alifokewa, na inasemekana mkaguzi mmoja wa shule alifokewa pia. Alhamisi mchana alitoka kuchota maji bombani. Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Alitafuta hadi jioni, akatoa taarifa mwenyewe kwa makamu, na Rula akaandika ripoti kwa mwandiko wake uliosimama wima.

Ijumaa ilikuwa sikukuu. Jumatatu, kwenye kikao cha walimu na wafanyakazi wote, mkuu alisimama akaisoma ile ripoti. Mtunza maabara aliacha mlango wazi. Hadubini haionekani. Mtunza maabara anasimamishwa kazi hadi uchunguzi ukamilike. Alisoma kwa sauti yake ya chini, neno kwa neno, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyodhani mkuu makini anavyofanya. Babu Vioo alikuwa amesimama karibu na mlango, na watu waligeuka kumtazama. Aliweka funguo za maabara juu ya meza iliyokuwa karibu naye, akachukua kofia yake akatoka.

Jumatano msichana wa kidato cha tatu aliipata hadubini, imefungwa vizuri, ndani ya kabati la kwaya pembeni ya mlango wa nyuma. Ungedhani jambo limeisha. Lakini mkuu na makamu wake walikaa wakaliangalia lile kabati, wakauangalia ule mlango wa nyuma, na wote wawili wakafikiri fikra moja: nani mwenye funguo angeficha kitu pale, kama si mtu aliyekusudia kukitoa polepole? Wakaacha mzee abaki nyumbani. Ijumaa msichana akashukuriwa kwenye ngazi, shule nzima ikapiga makofi hadi njiwa wakaruka, na yeye akalia. Watu walisema ni furaha.

Aliyegundua ukweli ni Rula, na aliugundua kwa sababu ya kiatu. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi asubuhi, aliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Kile kiatu cha mtoto wa kidato cha kwanza kimeokotwa tena," alisema. "Mara ya tatu. Mguu ule ule wa kulia."

Mkuu alicheka. "Huyo mtoto ana uzembe gani!"

"Si uzembe, Mkuu. Wanakiazima, wanakificha, kisha wanakiokota. Na mwenye kiatu anajua. Wanapeana zamu ya kupigiwa makofi." Rula hakusema nilikwambia.

Kicheko kilimkauka mkuu mdomoni. Hakuwa akifikiria kiatu tena. Alisema, "Niitie yule msichana wa kabati la kwaya."

Msichana hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kuinama, wa kukaa viti vya nyuma, ambaye walimu husahau kama yupo. Alieleza yote akitazama vidole vya miguu yake. Aliichukua hadubini mzee alipokwenda bombani. Alitaka kuiokota kesho yake, kumbe kesho ni sikukuu na shule imefungwa. Jumatatu akasikia Babu Vioo kafukuzwa. Akaogopa. Akakaa nayo siku mbili hajui afanye nini, kisha akaipata, akiamini ikishapatikana tu mzee atarudi.

"Hakurudi," alisema. "Kila siku naangalia maabara. Hakurudi."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini hadubini?"

"Kalamu hawapigi makofi mengi." Akajifuta pua kwa mkono. "Tangu niingie shule hii nimesomwa mara nyingi, kwa kuchelewa. Namsaidia mama asubuhi, ndiyo maana. Nilitaka jina langu lisemwe kwa zuri, hata mara moja tu."

Mkuu alihisi uchungu na aibu kwa pamoja, na hakujua kipi amwonyeshe mtoto. Akamwambia, "Nenda darasani. Jina lako sitalitaja mbele ya shule. Kumwambia mzee, hilo liko juu yako mwenyewe, silisemi mimi."

Rula alisubiri msichana atoke. "Kesho Ijumaa. Lazima jina lake lisemwe."

"Hapana."

"Nisikilize kwanza. Mzee wa watu huko mtaani anaitwa mwizi. Utamsafishaje bila kumtaja aliyechukua? Ukisema tu si yeye, watauliza basi nani, na usipojibu watasema unamkingia kifua."

Ndivyo ilivyokuwa. Akimtaja msichana, kusomwa kumerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kwa kosa ambalo mtoto angebeba hadi uzeeni. Asipomtaja, jina la mzee linabaki na doa. Alichukua mkoba wake akaenda kwa Babu Vioo kwa miguu.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye uchochoro wenye kamba nyingi za nguo. Kabla hajafika, alisikia vitoto vya chekechea vikiimba nyuma ya ukuta, "Hadubini! Hadubini!" kisha vikikimbia na kucheka. Hakuhitaji kuelezwa vinamwimbia nani. Mke wa Babu Vioo alimkaribisha kwa adabu zote, akampa kiti, asimpe hata maji. Mzee alikuwa amekaa barazani akirekebisha miguu ya meza isiyokuwa na tatizo lolote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mkuu." Hakuinua uso.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Hukuiba. Nimejua leo. Aliichukua mtoto, akairudisha mwenyewe. Urudi kazini, hata leo."

Nyundo ilisimama hewani. "Mtoto gani?"

"Hilo sitasema, mzee."

"Hutasema." Aliweka nyundo chini. "Kwa hiyo nirudi nifungue maabara, waingie arobaini kwa mpigo, na mmoja wao ndiye. Na mimi nisijue."

"Ndiyo."

"Unamlinda."

"Namlinda. Ni mtoto."

Mzee alicheka kwa puani. "Unajua nilikusifu wewe? Muulize huyu mama. Ulipowafutia watoto kusomwa nilirudi hapa nikasema, huyu mtu anajua kitu. Maana mwanangu mimi alisomwa pale, akaacha shule, hakurudi. Halafu ukaniita mimi kwenye kikao, mtu mzima, mbele ya vijana niliowafundisha kushika chupa za maabara, ukanisoma. Watoto umewafutia. Mimi umenisoma. Na karatasi umeishika kwa mikono miwili."

Kilichomuuma mkuu ni kwamba mpaka dakika ile hakuwa amewaza kuwa ni kitu kile kile. Alidhani kikao ni kikao.

"Nifanye nini, mzee?"

"Mimi sikufundishi kazi. Ulinitoa hadharani. Kesho nitakuja nisimame langoni nisikilize. Nikisikia cha kusikia nitaingia, nisiposikia nitarudi nyumbani, na mitihani ya vitendo wasimamie wenyewe." Akachukua nyundo akaendelea kupiga mguu wa meza.

Jioni, mkuu alimweleza mumewe yote huku akiosha vyombo. Fundi alisikiliza hadi mwisho, na safari hii hakusema mmh.

"Utavaa ile ya bluu?"

"Nakueleza habari nzito, wewe unaniuliza suti."

"Nauliza kwa sababu mtu akienda kuomba radhi avae nguo anayoijua. Mfuko nimeshona upya." Akamkaushia sahani aliyokuwa ameishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa tayari kali uwanjani. Babu Vioo alikuwa amesimama langoni kama alivyoahidi, nje ya mstari wa geti kabisa, begi lake la ngozi mkononi. Wanafunzi walimwona, na minong'ono ikapita kutoka kidato hadi kidato. Watoto waaminifu wa wiki ile walikuwa wameshajipanga kwenye ngazi na vitu vyao vya kuokotwa. Mkuu aliwaomba warudi kwenye mistari yao, kisha akashuka. Hakupanda ngazi. Alisimama chini, mahali waliposimama waliosomwa, akageuka akawatazama.

"Leo nina jina moja la kusoma," alisema. "Ni langu." Akataja jina lake kamili, na cheo chake. "Kosa: nilimsimamisha kazi mtunza maabara kwa wizi ambao hakuufanya. Sikumuuliza. Nilisoma karatasi mbele ya watu, nikamwacha aende nyumbani akiitwa mwizi, na hadubini ilipopatikana bado sikumuuliza. Najua sasa hakuichukua. Aliyeichukua ninamjua, tumeongea, na sitamtaja, leo wala siku nyingine. Mkitaka wa kumlaumu, huyu hapa."

Kicheko kilianzia nyuma, kidato cha nne, kile cha mazoea cha mtu kusomwa. Hakikufika mbali. Rula aligeuza kichwa akatazama upande ule, na kikafa. Kisha akafanya jambo ambalo walimu walilisimulia wiki nzima: alishuka ngazi moja moja kwa magoti yake yale, akaja kusimama kando ya mkuu, akageuka naye. "Ripoti niliandika mimi," alisema kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa, na wala hakuna aliyemlazimisha.

"La mwisho," mkuu alisema. "Kuanzia leo, ukiokota kitu, mrudishie mwenyewe. Hakuna makofi kwa hilo. Na kile kiatu kikae mguuni mwa mwenye mguu."

Hapo shule nzima ilicheka, yeye akawaacha wacheke, na akabaki amesimama pale pale, uso ukimwaka, mpaka gwaride likaisha.

Kengele ilipogongwa na mistari kuvunjika, Babu Vioo alikuwa bado nje ya geti. Hakuingia, hakuondoka. Mkuu alimtazama juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wanakimbilia madarasani, akafikiri, basi, haikutosha. Na pengine kweli isingetosha.

Kisha akamwona mtu mmoja anakwenda kinyume na wenzake. Yule msichana mrefu alikuwa anapita katikati ya umati, akigongwa mabega, akielekea getini. Rula naye alimwona.

"Nimsimamishe?"

"Mwache, Mwalimu."

Hawakusikia alichosema mtoto. Waliona tu mabega yake yakitetemeka, na mzee akisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mtu shuleni aliyewahi kulishuhudia. Ilichukua muda. Alipomaliza, msichana alinyoosha mikono miwili kulipokea begi, kama mtoto anavyompokea mtu mzima mzigo. Mzee hakuliachia. Wakabaki hivyo, wote wawili wamelishika begi moja.

Ndipo mzee akauliza jambo, kwa sauti yake ya kufokea ambayo ilifika hadi kwenye ngazi.

"Uliifunga na nini?"

"Sweta langu, mzee."

"La sufu?"

"La sufu."

"Sufu!" Babu Vioo alifumba macho kwa maumivu ya kweli. "Sufu inakwaruza kioo, we mtoto. Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mzee."

Mzee alimtazama. Kisha akaliachia begi, akapita geti, akaanza kutembea kuelekea maabara bila kugeuka, na msichana akamfuata nyuma, amelikumbatia begi kwa mikono yote miwili.